Siku ya Tatu Mpe Jembe



Mwezi uliopita nililetewa barua na wazazi wawili Wakristo. Binti yao ni mwalimu wa shule ya watoto wadogo, naye amechaguliwa kwenda na wenzake saba hata Ufilipino, wakae siku 20 katika vijiji vya wavuvi vya kisiwa cha Leyte, kusali pamoja na watu na kuwasaidia kazi. Baba yake aniuliza kama bahari ya huko ina hatari. Mama yake aniuliza neno jingine, nami nimelifikiri usiku na mchana: "Mwalimu, mtoto wetu hajui lugha ya watu wale, wala hajapata kuvuka maji hata kwenda Unguja. Kwa siku 20 atawapa nini watu asiowajua?"

Nimeona vema niwajibu hapa mbele ya wote, maana si wao peke yao wenye kuuliza, na mimi mwenyewe nilitumwa kisiwa hicho hicho mwezi wa Mei mwaka 2014. Tulikuwa watu tisa: masista wawili, muuguzi mmoja, walimu wawili, vijana watatu, na mkuu wa safari yetu. Tulikaa siku 18. Habari za safari ile nilizisimulia zamani katika ukurasa huu, lakini liko jambo moja ambalo sikuliandika. Leo nitaliandika.

Kwanza niwaeleze nchi yenyewe. Ufilipino ni visiwa zaidi ya 7,600, na watu wake wamepita milioni 100. Wengi wao ni Wakristo, nao si Wakristo wa jana. Mwaka 1521 merikebu za mfalme wa Hispania zilifika huko, mkuu wao akiwa Ferdinand Magellan, na Misa ya Pasaka ilisomwa tarehe 31 Machi mwaka ule. Wiki mbili baadaye, katika kisiwa cha Cebu, mfalme wa mahali pale aitwaye Humabon alibatizwa pamoja na mkewe na watu wake wengi. Mkewe alipewa sanamu ya Mtoto Yesu, na sanamu hiyo ingali inaheshimiwa katika Cebu hata leo. Magellan hakukaa. Aliingia katika ugomvi wa wakuu wa nchi ambao haukuwa wake, akauawa katika kisiwa cha Mactan tarehe 27 Aprili, hajatimiza miezi miwili tangu kufika. Huyo naye, msomaji, alikuwa mgeni wa siku chache. Mapadre waliokuja kukaa walifika mwaka 1565.

Sasa hesabuni wenyewe. Misioni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868. Sisi Wakristo wa juzi tulifunga mizigo kwenda kuwasaidia katika dini watu ambao mababu zao walikuwa wakisali Rozari kabla babu wa babu zetu hajasikia jina la Yesu. Katika ndege nilikuwa nikijiandaa maneno ya kuwafundisha. Nilikuwa na daftari zima!

Tena walimu wenzangu wa dini, msiache kulijua jina la Pedro Calungsod. Alikuwa kijana wa visiwa hivyo vya katikati, katekista kama sisi, akaenda mwaka 1668 pamoja na mapadre Wajesuiti katika visiwa vya Mariana, mbali sana upande wa mashariki. Aliuawa huko Guam tarehe 2 Aprili 1672 pamoja na Padre Diego Luis de San Vitores, naye angali kijana sana. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 21 Oktoba 2012. Yeye hakwenda kwa siku 18.

Mwaka mmoja tu baada ya furaha hiyo ikaja tufani. Wao huiita Yolanda, na mataifa mengine waliiita Haiyan. Ilipiga tarehe 8 Novemba 2013. Watu zaidi ya 6,000 walikufa, na wengine zaidi ya 1,000 hawakuonekana tena, na nyumba zaidi ya milioni 1 ziliharibika. Upepo uliua, lakini maji yaliua zaidi. Bahari iliinuka ikapita juu ya mji wa Tacloban na vijiji vya pwani ile, mahali pengine kupita kimo cha watu wawili na watatu. Katika San Joaquin, sehemu ya Palo, wafu wengi walizikwa mbele ya kanisa lao wenyewe, nami niliiona misalaba yao.

Hapa nataka walimu wanisikilize. Watu walionywa. Serikali ilitangaza habari mapema, wengine wakahama. Walakini katika matangazo yale maji yale yaliitwa kwa jina la kitaalamu la Kiingereza ambalo watu wengi wa pwani hawakulielewa. Walidhani ni upepo mkubwa na mvua kubwa, mambo waliyoyazoea kila mwaka, wakabaki kulinda nyumba zao. Baadaye wengi walisema kama wangaliambiwa tu kwamba inakuja tsunami, wangalikimbia mlimani. Sisi tunaosimama kila Jumapili mbele ya watu na maneno makubwa makubwa, na tuyakumbuke hayo.

Basi tulifika miezi sita baada ya tufani. Kijiji chetu kilikuwa kusini ya Tacloban, kando ya Ghuba ya Leyte. Mtu wa pwani kama mimi alipoangalia alisikia baridi moyoni, kwa maana aliona nchi yake mwenyewe iliyokufa. Minazi! Minazi mpaka macho yachoke, yote imelala chini kichwa upande mmoja, kama watu waliosujudu. Inasemekana minazi ipatayo milioni 33 iliangushwa au kuharibiwa. Na kila mtu wa pwani ajua maana yake. Nyumba hujengwa kwa mwezi mmoja. Mnazi mrefu utakupa kidaka chake cha kwanza baada ya miaka sita au saba, na baada ya kidaka ungoje kitale, na dafu, na koroma, ndipo upate nazi ya kuuza.

Hata mitumbwi yao yafanana na yetu. Huiita bangka, nayo ina matengo pande mbili kama ngalawa. Wenye elimu husema kwamba ufundi huo wa matengo uliletwa kwetu zamani na watu wa visiwa vya mashariki waliovuka bahari kuu, ndugu za wale ambao lugha yao ingali ikisemwa Bukini. Na neno lao la kushukuru ni salamat, lenye asili moja na salama yetu. Kijana akimwamkia mzee hushika mkono wake akauinamia mpaka kipaji cha uso kiguse. Nilipoliona jambo hilo nikakumbuka kwamba shikamoo yetu nayo ni kushika miguu. Binti yetu asione haya kufanya hivyo. Siku nilipoushika mkono wa bibi mmoja nikauinamia, nyumba nzima ilicheka kwa furaha, na tangu hapo sikuwa mgeni kabisa.

Chakula, kwa kuwa mama aliuliza: wali asubuhi, wali mchana, wali usiku, na samaki. Samaki mwingine huliwa hajapikwa, ametiwa siki na tangawizi, naye ni mtamu. Kuna yai la bata lenye kifaranga ndani yake, limechemshwa. Juu ya yai hilo nitanyamaza. Kuna na tembo la mnazi, jekundu kwa gome la miti wanalolitia, huitwa tuba. Nililionja kwa adabu tu, na Padre wetu asomaye ukurasa huu kabla haujapigwa chapa anisamehe.

Kijiji kile kina kanisa dogo, na Padre hufika mara moja kwa mwezi. Siku nyingine husimama mzee mmoja, mvuvi, akawaongoza watu katika sala. Kwa kifupi, ni kigango kama vigango vyetu, na mzee yule alikuwa mimi. Tulisema kwa Kiingereza cha shule, maana Wamarekani waliitawala nchi ile mpaka mwaka 1946 na lugha yao imebaki mashuleni; lakini lugha ya nyumbani ya watu wale ni Kiwaray. Mimi nilimwita Tatay, maana yake Baba, naye aliniita Kuya, maana yake kaka mkubwa, ijapokuwa alinizidi miaka 20. Ni heshima yao.

Siku mbili za kwanza tulikaribishwa. Tulilishwa, tukaimbiwa, watoto wakatuvisha maua, kwa sababu mwezi wa Mei watoto wa huko hupeleka maua kwa Bikira Maria kila siku alasiri. Nikatoa daftari langu nikafundisha. Walinisikiliza kwa adabu sana. Mtoto wa miaka kumi alinisahihisha jina la nabii.

Siku ya tatu Tatay alinijia mapema na panga mbili. Mnajua wazee wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sikumwambia methali hiyo, wala yeye hakuwa na haja ya kuambiwa. Alinipeleka penye magogo. Minazi iliyoanguka, ikiachwa ioze, huzaa yule mdudu mweusi mwenye pembe atoboaye moyo wa mnazi, naye akiisha kuzaliwa kwa wingi ataimaliza hata ile michache iliyosalia imesimama. Kwa hiyo ilipasa magogo yapasuliwe upesi, yaliyo mazima kwa mbao za nyumba, yaliyooza yachomwe. Wanaume kumi na mmoja walikuwa wakifanya kazi hiyo kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, bila ujira, kama ujima wetu. Wao huita bayanihan, na zamani jambo hilo lilionekana hasa mtu alipohama: majirani waliingiza mianzi chini ya nyumba yake wakaibeba nzima mabegani, na mwenye nyumba akawapikia.

Mdudu yule nilimjua. Baba yangu alinifundisha nikiwa mdogo kumchokoa kwa waya katika shina. Nikamwonyesha Tatay, naye akacheka akanionyesha waya wake mwenyewe uliochongoka vizuri kuliko wa baba. Basi tukafanya kazi. Kwa siku sita nilipasua na kuburuta na kuchoma, na wale watu walianza kunisimulia habari za usiku ule. Hawakusimulia nilipokuwa na daftari. Walisimulia tulipokuwa tumekaa juu ya gogo tukinywa maji.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikipazunguka.

Sisi tulikuwa na fedha za sadaka, zilizotolewa na Wakristo wa kwetu. Wasomaji wengine wa ukurasa huu walitoa. Kwa fedha zile mkuu wa safari alinunua katika mji vitu vya nyumbani, sufuria, sabuni, blanketi, mchele, akafunga mafurushi 40. Nyumba za kijiji zilikuwa 67. Usiku kabla ya kugawa, Tatay alinijia nyuma ya kanisa. Alisema taratibu sana, kama mtu aombaye radhi: "Kuya, ingekuwa vizuri mafurushi yalale kanisani. Sisi tunayo orodha." Nikajua ile orodha. Tangu Novemba wazee na mkunga wa kijiji walikuwa wakiandika kila nyumba, watoto wangapi, wagonjwa wangapi, nani alipata bati, nani alipata misumari, na kila kitu kilicholetwa kilipimwa kwa orodha hiyo hata kibaba cha mchele. Kwa sababu hiyo watu 67 wenye nyumba walikuwa wamepita miezi sita ya njaa bila ugomvi.

Alitaka nimwambie mkuu wetu. Yeye mwenyewe hakuweza. Watu wale wana haya kubwa ya kumkatalia mgeni; wanayo hata jina lake, hiya, na mtu asiyekuwa nayo huonekana hakulelewa vizuri. Ukimwuliza Mfilipino wa kijijini kama mpango wako wafaa, atasema ndiyo, na katika ile ndiyo ya mdomo uweza kusikia hapana, kama una masikio. Alinichagua mimi kuwa mdomo wake.

Nami nilinyamaza. Nilimwona mkuu wetu amechoka, anahesabu sabuni kwa taa. Alikuwa amesema mchana kwamba waliotoa sadaka watataka kuona picha za watu wakipokea kwa mikono yao. Nikafikiri, ni nani mimi nimfundishe? Nauli yangu imelipwa na ofisi yake. Nikasema moyoni nitamwambia asubuhi, na asubuhi nikasema amekwisha kupanga.

Na si kwamba sikujua. Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa wageni walikuja kigangoni kwetu wakagawa viatu. Mimi nilipata, mtoto wa jirani hakupata, na mama yake hakumwamkia mama yangu mpaka mavuno. Niliificha jozi ile chini ya kitanda, sikuivaa, mpaka mguu ukaishinda. Mimi nilijua kuliko wote tisa, ndiyo maana dhambi ile ilikuwa yangu kuliko ya mkuu wetu, ambaye hakupata kupewa kiatu na mgeni.

Asubuhi watu walipanga mstari mlangoni pa kanisa. Mafurushi 40 yakatoka, picha zikapigwa, na nyumba 27 zikarudi mikono mitupu. Hakuna aliyenung'unika. Wote walitabasamu, hata wale waliokosa walitushukuru kwa kuja. Mkuu wetu alifurahi sana. Usiku ule tulikula nguruwe.

Kesho yake penye magogo walikuja watu wanne tu.

Nikamwuliza Tatay. Alinoa panga lake kitambo kirefu kabla ya kujibu. Akasema waliopata wanaona haya kukutana na waliokosa, na waliokosa wanaona haya wasije wakaonekana kwamba walitamani. Akaniambia na neno jingine, utang na loob. Maana yake ni deni lililo ndani ya mtu. Ukitendewa wema mkubwa wadaiwa moyoni, nawe walilipa maisha yako yote kwa wema, na deni hilo ndilo linalofunga watu pamoja. Lakini mtu hulilipaje deni kwa mgeni atakayepanda ndege Jumanne? "Ninyi mtaondoka," akasema, "nao watabaki nalo." Alisema bila hasira.

Nikaungama kwake kwamba sikumfikishia mkuu wetu maneno yake. Nilidhani atanilaumu. Akasema, "Nami nilinyamaza, Kuya. Kinywa ninacho."

Alasiri ile, watoto walipoleta maua, bibi mmoja aliingia kanisani na furushi lake. Ndiye yule bibi wa mkono nilioushika. Alilifungua juu ya benchi, akakata sabuni kwa kisu vipande vinne, akapima mchele kwa kikombe, akawaita majirani zake kwa majina. Wanawake watatu walimfuata wakafanya vile vile. Wengine hawakufanya, wala sitawahukumu. Mtu aliyepoteza kila kitu akipata blanketi moja, ni nani atamwambia alikate? Tulipoondoka penye magogo walikuwa saba. Hawakurudi kuwa kumi na mmoja machoni pangu.

Mkuu wetu nilimwambia yote siku ya mwisho, kwa kuchelewa. Alikaa kimya, kisha akaomba aione orodha ya wazee. Aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa. Fedha iliyosalia akaiacha mikononi mwao kwa kununua nazi za mbegu, bila picha.

Haya, ninyi wazazi wapendwa. Naona mwafikiri nitasema mtoto asiende. La, na aende. Lakini kabla ya kwenda aulize ni nani aliyewaita, na ni nani wa kijiji kile atakayewaongoza. Na kama jibu ni "sisi wenyewe", mniletee habari, nitakwenda ofisini nizungumze, safari hii kwa kinywa changu. Zawadi zikiwapo, ziingie kwa mikono ya wazee wa kanisa la pale, kwa kipimo chao, na ikiwezekana wageni wasiwepo zinapogawanywa. Muuguzi wetu alifanya kazi njema kuliko sisi wote, kwa sababu siku ya kwanza alikwenda kwa mkunga wa kijiji akamwuliza, "Nikusaidie nini?" akawekwa kuandika kadi na kuchemsha vyombo, akafanya hivyo siku 18 bila kunung'unika. Asiahidi kitu. Watoto watamwuliza, "Utarudi lini?" naye asiseme mwakani kwa ajili ya kuwafurahisha, maana watahesabu. Ajifunze kusema Maupay nga aga, ndiyo salamu yao ya asubuhi, na jina la kila mtu anayelala naye nyumba moja. Na siku ya tatu akiona hakupewa kazi, aiombe.

Juu ya hatari, Baba, tufani nyingi za huko huja kati ya Juni na Novemba, na kisiwa cha Leyte kiko mlangoni pake. Akisikia onyo asione haya kuuliza maana ya kila neno, na watu wa kijiji wakipanda mlimani, apande nao wala asirudi kuchukua sanduku.

Na Mama, uliuliza atawapa nini. Bibi yule wa sabuni alipoteza watu saba wa nyumba yake. Kila jioni aliniomba niwataje katika sala. Nilishindwa na majina yale, nikayaandika katika daftari langu, juu ya mafundisho niliyoyaandaa, akanisahihisha kila jioni mpaka nikayajua. Hakuniomba kitu kingine siku zote 18. Bado nayataja kila tarehe 2 Novemba, na jina la bibi mwenyewe limeongezeka tangu mwaka 2019.

Tatay angali hai. Nilimwahidi barua, nikaiandika baada ya miezi kumi na mmoja, aibu kwangu. Sasa mjukuu wake hunitumia maneno kwa simu ya mkononi. Mwaka 2021 alileta picha ya mnazi mmoja wa zile mbegu, una vidaka, na Tatay amesimama chini yake na waya wake mkononi.

Binti na aje kwangu kabla ya kuondoka. Nitampa barua ampelekee mzee, na waya wa baba yangu niliouchonga upya. Fedha sitaitia ndani.

Wasalaam. Ni mimi mwalimu wenu.